Mganga Gani?

Mimi ni fundi cherehani, na dirisha langu linatazama kiwanja kilichosahaulika: kifusi, matairi, sinki lililopasuka. Kando ya sinki hilo ulichipua mmea nisioujua. Nikawa naumwagilia kila asubuhi kabla ya kufungua kazi, kwa raha zangu tu, mpaka ukatoa maua meupe yenye masharubu marefu.

Shida ililetwa na fundi viatu wa mlango wa pili, tunayemwita Profesa kwa kuwa hakuna asichokijua. Alihesabu majani: matano, yamekaa kama vidole vya mkono.

"Hiyo bangi," akasema. "Tena unaitunza mwenyewe!"

Profesa hana kifua. Sijamaliza hata kushona mfuko wa suruali, mwenye nyumba huyo mlangoni, kufuli mkononi, Profesa nyuma yake.

"Mama, nakuheshimu. Lakini polisi wakija hapa mimi nimekwisha. Niambie sasa hivi huo ni mmea gani, la sivyo fungasha."

Chumba kile kimenilisha miaka tisa. Nikampigia mama mkwe, maana amelima maisha yake yote, ingawa hajawahi kuusifu mkono wangu hata kwa bahati mbaya. Nikaweka spika ili mwenye nyumba asikie.

"Shikamoo, mama. Kuna mmea hapa una majani matano, maua meupe yana masharubu..."

"Marahaba. Mgagani!"

Mtandao ulikuwa unakatakata. "Mganga gani? Hakuna mganga, mama, ni mmea!"

"Ndiyo! Mgagani!"

Mwenye nyumba akatoa macho. "Kumbe na uganga umo?"

Profesa akarudi nyuma hatua mbili.

"Jamani!" mama mkwe akafoka. "M-ga-ga-ni! Mboga! Wewe si fundi? Kautazame ukingo wa jani. Bangi ina meno."

Nikatoka mbio, nikachuma jani, nikapitisha kidole ukingoni. Ningeujua mkato wa mkasi wa zigizagi, ule unaoacha meno kwenye kitambaa, hata nikifumba macho, na huu haukuwa huo. Ulikuwa laini pande zote, kama pindo lililopigwa pasi.

"Halina meno, mama!"

Mwenye nyumba akaninyang'anya jani, akalifikicha, akanusa. Akakunja uso kwa ule ukali wa harufu, kisha uso ukamfunguka taratibu.

"Hii nimekula sana kwa bibi yangu," akasema. "Ila sijawahi kuiona ikiwa bado imesimama."

Kufuli likaingia mfukoni. Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Profesa akakohoa, akasema hata yeye alihisi ni mboga.

Mama mkwe bado alikuwa hewani. "Nani kaumwagilia mpaka ukatoa maua kwa jua hili?"

"Mimi, mama."

Akashusha sauti. "Una mkono mzuri."

Nilisikia vizuri sana, kila neno.

"Mtandao mbaya, mama," nikasema. "Hebu rudia."