Pete ya Kifuniko

Kila Jumapili ya kumwaga oili, Ignasi akirudi kanisani alivua shati jeupe, akavaa suruali yake iliyokakamaa kwa grisi, na sisi wapangaji wa nyumba ile ya Mtaa wa Lindi tukajua kwamba barazani hapapitiki. Mimi ndiye niliyekereka zaidi, maana biashara yangu ya vitumbua ilikuwa palepale, karibu kabisa na bampa la gari lake. Sijui nilimwambia mara ngapi, "Baba Leti, watu wanakula hapa." Naye yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana, ananijibu, "Wale tu, Mama Sitara. Mafuta kwako, mafuta kwangu."

Nilinung'unika, lakini nilikuwa namtazama. Kwanza aliliwasha gari lipate moto, kwa sababu, alisema, oili ikiwa baridi haitoki yote. Halafu jeki, halafu mawe kwenye magurudumu, halafu anaingia chini na spana na beseni bovu. Akishaifungua ile nati ya chini hakuwa na haraka tena. Aliiacha oili ichuruzike hadi tone la mwisho, yeye huku anasugua plagi kwa msasa na kukung'uta vumbi la chujio la hewa. Chujio jipya la oili alilipaka oili kidogo kwenye mpira wake kwa kidole, akalifunga kwa mkono mtupu. Oili chafu ilikwenda kwa seremala wa jirani, apake mbao zisiliwe na mchwa. Akimaliza aliwasha, akainamisha kichwa kusikiliza, na kama tapeti zimelegea, vile vyuma vinavyogongagonga juu ya injini, alizisikia kabla mtu mwingine hajasikia kitu.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo la zamani, mali ya shirika la umma alilolifanyia udereva tangu ujana. Shirika likafa. Miaka ile ya ruksa, ya biashara huria, yalikufa mengi, watu wakapunguzwa kazi kama magugu yanavyopunguzwa shambani, na Ignasi akakigeuza kiinua mgongo chake kuwa gari lilelile alilokuwa akiliendesha. Akalifanya teksi, akapata nafasi kituo cha Posta. Alikuja mjini kutoka Ndanda hajaota ndevu. Sasa alikuwa na mvi, mgongo unamsumbua, na kazi nyingine hajui. Pijo ndilo lililomlisha yeye na mkewe Klara, na ndilo lililomsomesha binti yao Leticia sekondari ya bweni. Hilo hakulificha. "Injini hii ikifa," alisema, "na mimi ndiyo basi."

Ndiyo maana gereji hakukanyaga. Unapeleka gari na kabureta nzima, alisema, unarudishiwa kabureta ya marehemu. Na oili ya kupima, ile ya kwenye pipa, hakuigusa hata kwa kidole. Alinunua galoni la kufungwa, dukani kwa Girish, Kariakoo, na kabla ya kulichukua alipitisha ukucha wa dole gumba kuzunguka ile pete ya plastiki iliyo chini ya kifuniko. Pete ikiwa nzima, haina mkwaruzo, oili ni salama. Ikiwa imekatika, hata ungempa bure asingechukua. Madereva wenzake wa Posta aliwafundisha hivyo. Mmoja wao, Elisaria, Mpare mrefu na mpole kupita kiasi, alikuwa hamimini oili kwenye gari lake mpaka Ignasi alipitishie ukucha galoni lake.

Sasa muone mwanamume huyu alivyokuwa. Wenzake walisokota kifuniko, pete ikakatika, wakaitupa. Ignasi hakupenda kitu kichanike. Aliniomba maji ya moto, akachovya shingo ya galoni mpaka pete ikalainika, akaivua pamoja na kifuniko, nzima, kama mtu anayevua bangili kwa sabuni. Nilimuuliza ya nini yote hayo. Akasema galoni zima lina kazi nyingi. Klara aliyaosha magaloni hayo kwa maji ya moto na magadi, akayapanga uvunguni, na Ridhiwani, mnunuzi wa makopo, alipopita mtaani kwetu alianza kwa Klara kabla ya nyumba nyingine yoyote. Miaka ile kila kitu kiliuzika: chupa, magunia, makopo, magazeti ya mwaka juzi. Ukimuuliza Ridhiwani magaloni ya nini, alisema ya kuwekea mafuta ya taa, na nani alikuwa na muda wa kumuuliza zaidi.

Basi Jumapili moja Ignasi akamwaga oili kama kawaida. Akaliangalia galoni, akapitisha ukucha, pete nzima. Hata mimi niliiona oili ilivyokuwa inang'aa wakati anaimimina. Katikati ya wiki, mchana, nikamuona analetwa kwa kamba. Elisaria ndiye aliyemvuta, kutoka Magogoni. Injini ilianza kugonga akielekea kivukoni na abiria ndani, na kabla hajapata pa kuegesha ikakamata, haigeuki mbele wala nyuma. Elisaria alifungua kamba, akampa pole, akarudi kazini. Ignasi alibaki ameshika usukani wa gari lililosimama.

Akaifungua injini mwenyewe, palepale barazani. Vyuma vya ndani vilikuwa vimeungua, vimechubuka, vimekuwa rangi ya samawati. Mimi sijui injini, lakini uso wa mtu naujua, na ule ulikuwa uso wa mtu aliyefunuliwa shuka la maiti. Kilichoniuma ni kwamba alijishuku mwenyewe.

"Labda nati sikuikaza," akasema.

"Uliikaza. Nilikuona."

"Labda lile chujio."

"Baba Leti, ulilifunga kama siku zote."

"Basi nimekosea wapi?"

Akalichukua galoni, akamimina matone yaliyobaki kiganjani, akayasugua kati ya vidole viwili. Alinishika mkono akanipaka na mimi. Mchanga. Laini mno, lakini mchanga. Kisha akalipindua galoni atazame kitako. Pembeni ya kitako plastiki ilikuwa imeyeyuka na kujikunja, kidogo tu. Klara, aliyekuwa amesimama na kikombe cha chai cha mumewe, akakiweka chini. Pasaka iliyopita aliliegemeza galoni kwenye jiko langu likaungua palepale, na mumewe akamfokea mbele yetu sote kwa kuharibu kitu kizima.

"Hili letu," Klara akasema.

"Naliona."

"Mimi ndiye niliyeliuza."

"Na pete niliivua mimi," akasema Ignasi. Hakupandisha sauti. Ningeona afadhali angepandisha.

Kesho yake alikwenda kwa Girish. Aliporudi alinieleza kwamba Girish hakubisha hata kidogo. Alitoa boksi zima, wakayapanga magaloni mezani, wakapitisha ukucha wote wawili, yeye na Girish, na hawakuweza kujua lipi la kweli na lipi la uongo. "Bwana Ignasi," Girish alimwambia, "gari langu mwenyewe nimeliwekea hii hii. Mimi siuzi tena. Lakini wa duka la jirani atauza." Akamtajia aliyemletea boksi. Ridhiwani.

Hapo Ignasi akachukua spana yake kubwa kuliko zote, akaizungushia gazeti, akatoka. Klara alinijia analia, akaniomba nimfuate. Nikajifunga kanga ya pili, nikamfuata. Sikuwa na nia ya kumzuia, na hilo nalisema bila aibu. Nilitaka kuona Ridhiwani anapigwa.

Tulimkuta nyuma ya stoo yake, kwenye ua wenye mapipa. Vijana wake walikuwa wanachuja oili nyeusi kwa vipande vya blanketi, na pembeni sufuria kubwa ya maji ilikuwa inatokota, pete zimelundikwa kando yake, nyingi zimepinda na kuchanika. Ignasi akamwekea Ridhiwani lile galoni miguuni.

"Hili limeniulia injini," akasema.

Ridhiwani akaliokota. Ni mtu mnene, mcheshi, anayependa kusalimia watu kwa majina ya watoto wao. Akaligeuza, akaitazama shingo yake muda mrefu, na uso ukamchangamka.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Magaloni ya Mama Leti. Siku zote nawauliza hawa, nani anavua pete namna hii? Wao wanachana tu, wananitia hasara. Pole sana kaka, kwa injini. Kweli nakupa pole. Mimi siingii ndani ya kila galoni, mchujo mwingine unapita vibaya." Akasogea karibu. "Sasa injini nyingine utaitoa wapi? Njoo unifanyie kazi hii. Leticia atasoma."

Nilimtazama Ignasi mkono wenye spana. Nilisubiri. Nilisema moyoni, sasa, mpige sasa. Macho yake yalikuwa yameacha uso wa Ridhiwani, yako kwenye sufuria.

"Maji yako yanachemka mno," akasema. "Ndiyo maana zinapinda."

Akainama, akatoa ukuni mmoja motoni.

Pijo liliuzwa vipandevipande, milango kwa huyu, magurudumu kwa yule, na mabaki yakachukuliwa na wa vyuma chakavu. Magaloni yakaanza kuletwa kwetu, uani, nyuma ya choo, yamefunikwa turubai. Klara aliosha, mikono ikawa myekundu kwa magadi hadi akashindwa kushika sindano. Ignasi alivua pete, na baada ya vijana kujaza, akazivisha tena. Alifanya kwa utaratibu ule ule wa Jumapili, hana haraka, hakuna kinachochanika. Ridhiwani alituambia, kama vile sote tungefurahi, kwamba tangu Ignasi aanze hakuna galoni lililorudishwa dukani. Nilimchukia Ridhiwani. Na siku nyingine nilimchukia Ignasi, halafu namuona Leticia amekuja likizo, amevaa sketi ya shule iliyopigwa pasi, nashindwa.

Tukaishi hivyo mpaka asubuhi moja Elisaria akaja. Aliegesha mbele ya baraza, gari lake akaliacha linanguruma, akashuka na galoni mkononi. Mimi nilikuwa nageuza vitumbua. Ignasi alikuwa amekaa kwenye benchi, na Ridhiwani amesimama kwenye kichochoro cha kwenda uani anasubiri mzigo wake.

"Shikamoo, Baba Leti."

"Marahaba. Za kazi?"

"Nzuri tu. Kituoni hatukuoni siku hizi." Akamnyooshea galoni. "Girish kaacha kuuza, nimechukua kwingine. Nikasema silimimini mpaka unipitishie ukucha. Si unajua, baada ya lile lako, naogopa."

Klara alitokeza mlangoni akifuta mikono. Ignasi akalipokea galoni, akaliweka magotini. Alilijua. Mimi nililijua kwa jinsi alivyolishika. Akapitisha ukucha wa dole gumba kuzunguka pete, polepole, duara zima, kama zamani, na nilikuwa na hakika kwamba akifika mwisho atasema. Mwiko wangu ulikuwa juu hewani.

"Pete nzima," akasema.

"Kwa hiyo sawa?"

"Pete nzima."

"Ahsante sana, mzee wangu. Mungu akuzidishie." Elisaria akalichukua galoni kwa mikono miwili, akaliweka kiti cha mbele, akaingia.

Nilichelewa kwa sababu sikuamini masikio yangu. Nilipoamini nikatoka mbio, mwiko mkononi, namwita kwa jina, lakini alikuwa amefunga vioo, na gari likakata kona kuingia Msimbazi. Watu wa mtaani wakacheka, wakidhani amekula vitumbua akakimbia.

Nikarudi nikihema. Ridhiwani alikuwa ameingia uani. Ignasi alikuwa palepale kwenye benchi, anatazama dole gumba lake.

"Yule amekuita mzee wake," nikamwambia. "Yule ndiye aliyekuvuta kwa kamba kutoka Magogoni. Unajua anachokwenda kumimina?"

Klara ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Mama Sitara, Leticia kabakiza kidogo amalize."

"Najua kabakiza kidogo." Nikaepua karai, nikazima jiko kwa maji, moshi ukatufunika sote watatu. Nikavua aproni, nikajitanda kanga. "Nakwenda Posta kumwambia. Kama unataka kunizuia, nizuie."

Ignasi hakuinuka. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, upande wa Msimbazi, kule sauti ya gari ilikopotelea.

"Ukimkuta," akasema, "mwambie na tapeti zake zimelegea. Azikaze mapema, zisije zikamharibia injini."