Mkojo wa Kwanza

Miezi minane tumbo lilinitesa, na kila niliyemwambia alikuwa na jibu lake tayari. Dada yangu aliniambia kwenye simu kwamba ni mawazo. "Tangu shemeji afariki huna wa kuongea naye. Ndiyo maana tumbo linajaa."

Mawazo! Mimi fundi cherehani, vipimo navijua. Nilikuwa nimepanua kiuno cha sketi zangu mara tatu, huku mikono inakonda. Nikamkatia simu kwa hasira, halafu nikakaa mbele ya cherehani nisishone chochote.

Hospitalini nikakutana na daktari binti, mwembamba, anayetembea mbiombio lakini anajua kusikiliza. Ultrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mishipa ya ini.

"Mama, kilichoziba tumekiona," akasema. "Kwa nini damu yako inaganda, hatujui. Tusipojua itaganda tena, na safari hiyo huenda tusikuwahi." Akanipa kikopo. "Niletee mkojo wa asubuhi."

Nikamletea, safi. Akanipa kikopo kingine, nikamletea safi zaidi. Akakuna kichwa.

Mara ya tatu akakiinua kikopo kwenye mwanga wa dirisha. "Huu ndio wa kwanza kabisa ukiamka?"

"Wee! Wa kwanza nikuletee wewe, daktari mzima? Ule mchafu, mweusi kama chai ya rangi iliyochacha. Ule naumwaga, nakunywa maji, ndipo nakukingia huu wa heshima."

Akaacha kuandika. "Mweusi tangu lini?"

"Tangu tumbo lianze. Nilidhani ndiyo uzee."

"Na nyumbani hakuna aliyeuona?"

"Nyumbani kuna nani, mwanangu?"

Akanipa kikopo kipya. Jibu langu mwenyewe likanichoma.

Kesho yake nikampelekea ule mchafu, nimeufunga mifuko miwili kwa aibu, naye akaupokea kwa mikono miwili. Akanitoa damu, ikapelekwa maabara kubwa. Baada ya wiki mbili akaniita, akanieleza polepole: chembe nyekundu za damu yangu hazina kinga ya kuzilinda, zinapasuka, zinautia mkojo rangi, na damu inaganda tumboni. Ni ugonjwa wa nadra, wengi hawaufikirii. Una jina, na una dawa.

Nilitoka pale nataka kupiga vigelegele. Nikampigia dada, hakupokea. Nikashuka kwenye orodha ya majina: wateja, muuza vitambaa, fundi bomba, mteja mwingine. Na jina la marehemu, ambalo sijaweza kulifuta. Nikasimama koridoni, simu mkononi, watu wananipita.

Nikarudi, nikabisha hodi.

"Samahani, daktari. Sijaelewa vizuri. Hebu nieleze tena."

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Akanitazama kidogo, akanivutia kiti, akaanza upya.