Nyonga Tatu na Mji wa Kupewa

Daktari wa usingizi ananichoma mgongoni sindano ambayo nimeiogopa wiki nzima, na sasa naona hata mwiba wa samaki changu unauma zaidi, na miguu yangu inaniaga, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia, mpaka kuanzia kiunoni kwenda chini mimi ni habari ya watu wengine. Utahisi kuguswaguswa, Bi Mwanatumu, anasema, maumivu hutayahisi, na hii ninayokutia mkononi itakusinziza kidogo, ukitaka kuota, ota. Mimi si mtu wa ndoto, namwambia, mimi ni mpishi wa shughuli, nikilala nalala. Lakini nadhani tayari namwambia mtu mwingine, kwa sababu kile kitambaa cha kijani walichokitundika mbele ya kifua changu nisione kazi yao kinapepea kama pazia la mlangoni, na nyuma yake hakuna madaktari, pana barabara, na mimi nimo barabarani, natembea.

Natembea bila mkongojo, na hilo linanifurahisha kiasi cha kunitia mashaka. Nyonga yangu ya kwanza ya bandia ilichomoka nikiwa nimekalia mbuzi. Walikuwa wamenikataza viti vifupi, nami nikatii, nikavitoa vigoda vyote nyumbani, lakini mbuzi ya kukunia nazi sikuihesabu kuwa kiti, mbuzi ni chombo cha kazi kama kisu, nani anayekiita kisu kiti? Basi ikachomoka, wakairudisha, na baada ya hapo ikajifunza njia, ikawa inachomoka hata nikivaa viatu. Ndipo Daktari Kimbau akasema itolewe, iwekwe nyingine, akanipangia vikombe vitatu vya chuma mezani. Cha kwanza ni kama hicho ulicho nacho, akasema, ila kichwa kinachoingia ndani ni kikubwa zaidi, hakichomoki upesi. Cha pili kina pete inayokifunga kichwa kisitoke, lakini mguu hauendi mbali, na ukiulazimisha unaweza kung'oa kikombe chenyewe kwenye mfupa. Cha tatu kina tufe dogo ndani ya tufe kubwa, yote yanazunguka, unainama zaidi na kuchomoka kwake ni kwa nadra, ila misuli ya nyonga iwe bado hai. Vyote nitakuwa navyo tayari, nitaamua nikishaiona misuli yako. Sasa niambie, mama, nyonga hii unaitakia kazi gani? Na pembeni ameketi binti yangu Salhina, ambaye ameshaapa kwamba sufuria zangu atazigawa nisirudi jikoni, basi nikajibu kwa sauti ya mtu mwema, ya kukalia barazani tu, daktari, nisalimie wapitao. Daktari akakisogeza mbele kile chenye pete. Nilitaka kusema siyo, sikusema, na tangu hapo moyo haujatulia.

Barabara inapinda, inajirudia, nampita mtu yuleyule anayefagia uwanja uleule, na kila nikimpita uwanja umekuwa mkubwa zaidi. Kisha pembeni yangu kuna mwenzangu. Amevaa koti refu la hospitali, na pale penye uso pamelainika kama sahani iliyotoka kuoshwa. Habari za asubuhi, namwambia, maana adabu ni adabu. Anasema, kitendawili. Nami mdomo unajibu wenyewe kama ulivyofundishwa utotoni, tega. Anasema, nimemnenepesha mgeni kichwa asipite mlangoni, walinzi waliposinzia akapita. Nafikiri, nafikiri, sipati. Nipe mji, anasema. Na kwa kuwa ndivyo mchezo ulivyo, aliyeshindwa hutoa mji, nampa Pangani, na palepale tumo Pangani. Lakini ng'ambo ya mto iko Pangani nyingine, ina kivuko kilekile na minazi ileile, na watu wake wakinyanyua mkono wa kulia hawa wa huku wananyanyua wa kushoto. Wote wanatembea vizuri, mabibi wanapanda ngazi kwa madaha, mpaka bwana mmoja anainama kufunga kamba ya kiatu, nami naona kwenye paja lake misuli imelegea kama kamba ya nguo iliyokatika upande mmoja, na mguu unamtoka. Huku anaanguka, ng'ambo anaanguka. Walinzi ni misuli, anasema asiye na uso, kichwa kikubwa kinawategemea wao. Basi kumbe, nasema. Wangeniambia hivyo hospitali bila kunitoza mji.

Tunaendelea, au barabara inaendelea na sisi tumesimama, na mahali fulani nasikia nyundo, ko, ko, ko, na kila ko mawingu yanatikisika kidogo. Nyundo hiyo ni ya wapi, namuuliza. Ni ya kuitoa nyonga ya zamani, anasema, wakimaliza wataweka mpya. Ipi? Kitendawili, anasema. Sina nafasi ya vitendawili, namwambia, nataka kujua ipi. Kitendawili, anarudia, na sauti yake haina hasira wala haraka. Tega basi. Anasema, nilifunga mlango mtu asitoke, akasukuma, mlango ukaja na ukuta. Na hiki nakijua, Wallahi nakijua, kimekaa kwenye ncha ya ulimi, lakini ulimi wangu nao wameupiga ganzi, hakitoki. Nampa Korogwe.

Korogwe imenyooka. Watu wote wamesimama wima, hakuna anayechechemea, hakuna anayeanguka, na kwa muda naona hapa ndipo pazuri, hapa mtu anaweza kuzeeka kwa amani. Kisha nasikia harufu ya wali, na pua yangu inaniambia kuna jambo. Uwanjani kuna harusi. Sufuria kubwa zimeinjikwa chini kwenye mafiga, wageni wamekaa kwenye mikeka wanangoja, na wali haujakauka, umelala kwenye maji yake kwa sababu hakuna anayeweza kuinama kupalia makaa juu ya mifuniko. Wanayatazama makaa kwa juu, kama watu wanaotazama kisimani. Mmoja wao amevaa kanga yangu, ile ya zambarau, na ana mgongo wangu, na mwiko wangu mkononi. Palia, dada, namwambia, wali unaharibika. Siwezi, anasema bila kugeuka, nilisema nataka ya barazani, wakanitia yenye pete. Halafu anajaribu, maana mimi namjua, hawezi kuuacha wali ukafa mbele ya watu, anainama kwa nguvu, na ukuta wa nyumba ya bwana harusi unapasuka kutoka juu mpaka chini.

Hapo naogopa kweli. Sikuogopa sindano hivi, wala kisu. Naogopa kuamka nikiwa yule mwanamke, salama, nimenyooka, nikinusa wali wa watu wengine mpaka nife. Nyundo imenyamaza. Wamemaliza kutoa, anasema asiye na uso, na kutoka kila kichochoro wanatokea wenzake, makoti marefu, sahani tupu, wananizunguka na kusema kwa pamoja, kitendawili. Hapana, nasema, sasa natega mimi. Wanatazamana, kama unaweza kusema wanatazamana. Tega, wanasema, na sauti zao zimepungua. Nasema, nyumba iko ndani ya nyumba, ya ndani inacheza, ya nje inacheza, mwenyewe anainama, anapalia makaa, anainuka, na nje hatoki. Nasikia kitendawili changu kikizunguka mji mzima na kurudi. Hamjui? Hatujui, wanasema. Basi nipeni mji, nasema, na sasa napiga kelele, nipeni mji, nataka kuinama, nataka kazi yangu, ile ya barazani niliisema kwa ajili ya Salhina, nipeni mji. Yule mwenzangu wa kwanza anasogea karibu. Sisi hatuna mji, anasema, tunapokea tu. Kisha anasema, uko mmoja, hatujauingia, watu wake wana nyuso. Na kwa mkono usio na joto wala baridi analisogeza pazia la kijani.

Mwanga ni mweupe. Salhina amekaa kando yangu na macho yamemvimba, na Daktari Kimbau amesimama miguuni pangu, ameivuta barakoa yake chini ya kidevu. Misuli yako iko hai kuliko nilivyotegemea, mama, anasema, nimekuwekea tufe ndani ya tufe. Na ulikuwa ukisemasema kule ndani. Nilisema nini, daktari? Anacheka. Ulikuwa unadai mji, anasema. Sijui kama alinisikia au alifuata misuli yangu tu. Namgeukia Salhina kabla ujasiri haujapoa. Ya barazani nilikudanganya, namwambia, nataka kurudi jikoni. Salhina anakunja ncha ya shuka, anaikunjua. Najua, mama, anasema, mtu gani anakudhania wewe wa barazani? Sufuria sijazigawa. Utarudi, ila uinamaji wako tutamuuliza daktari kwanza. Daktari anasema tutazungumza, kwa mpango, si leo. Nalia, na sioni haya.

Asubuhi yake ananijia kijana wa mazoezi, ana kigari cha kushikilia, na amevaa barakoa iliyomfika chini ya macho. Ananiinua. Nasimama, na ukutani kuna kioo kirefu, na mwanamke wa mle naye anasimama, ananyanyua mguu mwingine. Huu ni mji gani, namuuliza kijana. Nadhani anaona dawa hazijanitoka, kwa sababu ananijibu polepole sana. Hii ni Tanga, mama. Tanga. Nilimpa asiye na uso Pangani, nikampa Korogwe, Tanga sikumpa mtu. Basi kama ni ndoto, ni ndoto yangu mwenyewe. Natanguliza mguu.