Vijiti vya Taisto

Nilikwenda kwao kwa siku tatu, nikakaa ishirini na tisa. Tikiti ya kunifikisha Tromsø, kule juu Norwe, ilikuwa mkobani mwangu. Nilikuwa nimestaafu, mume wangu yuko kaburini mwaka wa sita, na nilitaka kuuona mwisho wa kaskazini kabla magoti hayajagoma. Kwa Irmeli na Taisto ilikuwa niteremke, ninywe kahawa, nioge sauna, bafu lao la mvuke, nicheke, niondoke.

Irmeli ni shoga yangu wa jikoni. Miaka kumi na minne tulipika pamoja kwenye meli ya kutoka Tallinn kwenda Helsinki, mimi Mwestonia, yeye Mfini, tukimenya viazi kwa magunia huku sakafu ikiyumba. Kisha akaolewa na Taisto, fundi wa kunoa misumeno, akahamia kwenye nyumba yake ya mbao kando ya ziwa la Hoikka, huko Ufini. Jirani wa karibu, Reijo, yuko mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Nilifika katikati ya Aprili. Taisto alinipokea kituoni, akalinyanyua sanduku langu, akaliweka tena chini.

"Leelo, umekuja kututembelea au umehama?"

"Mzigo wote huo ni zawadi zenu," nikamwambia. "Nikizitoa nabaki na soksi."

Alicheka kidogo. Alikuwa amekonda, suruali inashikwa na mkanda tu. Niliona, na sikuuliza. Sisi watu wa huku hatuulizi. Mtu akikonda tunamwongezea siagi kwenye mkate, basi.

Asubuhi ya tatu alikwenda ziwani kuvua. Mwezi wa nne barafu imeshaanza kuoza. Alfajiri inambeba mtu kwa sababu ya baridi ya usiku, saa sita mchana inamwangusha. Hakuna anayeikanyaga wakati huo bila vijiti vyake shingoni: vishikio viwili vya mbao vyenye ncha za chuma, vimeunganishwa kwa kamba. Ukitumbukia, unavichomeka kwenye barafu na kujivuta utoke. Jana yake Taisto mwenyewe alinikataza hata kulisogelea ziwa bila hivyo.

Hakurudi. Kofia yake ilionekana kando ya tundu kubwa la maji. Waokoaji walikuja na chombo chao kinachopita juu ya barafu mbovu, wakatafuta siku mbili, kisha wakasema chini kuna mkondo, tungoje ziwa lifunguke. Irmeli akawashukuru, akawapa mkate mtamu wa iliki wale njiani. Mimi nikaichana tikiti yangu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule mwezi wa nne ardhi bado ni jiwe, kwa hiyo mimi nilipewa shoka. "Wewe si mgeni tena," Irmeli aliniambia. "Kapasue kuni." Kwao mgeni ndiye anayeingia sauna wa kwanza, joto likiwa jipya, na wenyeji hufuata. Tangu siku hiyo tuliingia pamoja, tukakaa uchi kwenye ubao kama viazi viwili vilivyomenywa, na humo tu ndimo nilimomsikia akimtaja mumewe. Kila mara alisema jambo lilelile. Aliteleza, alisema. Taisto aliijua barafu, lakini barafu haimjui mtu.

Nikaelewa anachohitaji. Kwamba Taisto amekufa alishakubali. Alichokishikilia ni kwamba hakutaka kufa, kwamba asubuhi ile aliinuka mezani akiwa na nia ya kurudi.

Siku ya sita upepo ulifunga mlango wa banda la kuni nikiwa ndani. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, vilikuwa vinaning'inia vijiti vya Taisto. Alivichonga mwenyewe, na kamba yake nyekundu aliisuka Irmeli.

Nilikaa juu ya gogo. Huyu alikuwa mtu asiyesahau kitu. Misumeno yake ilipangwa ukutani kwa ukubwa, na kila mmoja una kitambaa chake. Kwa mtu kama yeye vijiti havisahauliki. Viliachwa. Nililia, kisha nikamkasirikia, nikamtukana kwa Kiestonia palepale bandani, maana mtu gani humwalika rafiki wa mkewe aje ashuhudie hayo? Halafu nikafikiri kwamba pengine alinisubiri makusudi, ili Irmeli asibaki peke yake, na hapo nikalia upya. Nilivitia ndani ya sweta, nikaenda kuvificha kwenye sanduku langu, ndani ya soksi.

Nilijiona nimefanya jambo jema. Irmeli alikuwa na desturi ya kwenda bandani kila asubuhi peke yake, akikaa kama dakika kumi na kurudi na magogo mawili. Nilidhani anakwenda kulia. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuwahi kutazama nyuma ya mlango.

Siku mbili baadaye aliacha kwenda. Kuni ziwe kazi yako, aliniambia. Nikafurahi, nikasema moyoni kwamba ameanza kupona.

Kila mwaka dukani hubandikwa karatasi, watu wakaandika siku wanayobashiri barafu itaondoka. Tulipoingia siku moja, mwenye duka aliibandua haraka, akaiweka kifudifudi chini ya magazeti. Irmeli aliona. Alinunua chachu na chumvi, akamtakia siku njema. Reijo naye alipita na trekta yake kila siku, akainua mkono, hakusimama. Kumwacha mtu na msiba wake ni heshima kwao, na kwetu pia. Kwa heshima hiyo tulikaa zaidi ya wiki tatu bila mtu kugonga mlango, na kila siku Irmeli aliandaa vikombe vinne, viwili vikirudi kabatini vikavu. Sote tulikuwa tunamstahi, na hakuna aliyemwuliza kitu. Mara tatu nilifungua kinywa nimwambie. Mara tatu nikaishia kusifia kahawa.

Ziwa lilifunguka siku ya ishirini na saba. Barafu ilisukumwa na upepo hadi ufukweni ikigongana kama vikombe kwenye karai. Kesho yake, Jumamosi, Reijo alikuja kwa miguu, kofia mkononi, akakaa pale alipoonyeshwa. Irmeli alimmiminia kahawa. Reijo alisema yeye na wenzake wawili wamempata Taisto kwenye matete upande wa kusini, na polisi wameshamchukua. Irmeli alisikiliza yote bila kusogea, kisha akauliza alichokuwa akikingoja.

"Shingoni alikuwa na vijiti?"

Reijo alinitazama mimi, kisha akakitazama kikombe chake. Ni mtu mwema Reijo, na laiti angekuwa mkorofi.

"Alikuwa navyo, Irmeli. Mikono tu ndiyo iliyowahi kuganda. Hilo linampata yeyote."

"Vya rangi gani?"

"Vyake vilevile vya mbao, vyenye kamba yako nyekundu. Nani hapa asiyevijua?"

Irmeli alimshukuru, akamfungia mkate kwenye kitambaa, akamsindikiza hadi ngazini. Aliporudi hakukaa.

"Kabla ya Krismasi aliniambia atanunua vingine," alisema. "Vya plastiki, vya manjano. Kama alinunua sijui. Dukani wangeniambia, na sikuwauliza makusudi. Hivi vya mbao niliviona bandani siku ileile aliyopotea. Kila asubuhi nilikwenda kuvitazama, najiambia, hivi ni vya zamani, vipya kavaa. Ningeweza kuishi na hilo, Leelo. Nilikuwa nimeanza kuzoea."

"Mimi nilidhani hujaviona."

"Ulipoviondoa nikajua na wewe umeyaona niliyoyaona. Mtu hafichi kitu kisicho na neno. Hata hivyo nikasema nimngoje Reijo, labda atataja vya manjano." Alichukua kitambaa akaifuta meza, na meza ilikuwa safi. "Ungeniuliza tu, shoga yangu. Ningekwambia alikuwa na vya manjano, nawe ungeniamini. Tungekuwa wawili."

Aliniambia nivilete vijiti. Nilikwenda nikavitoa kwenye soksi, akavipokea kwa mikono miwili, akatoka navyo kuelekea bandani. Nilisikia mlango ukifunguliwa, kisha ukifungwa. Alikaa huko kama dakika kumi, akarudi na kuni zake mwenyewe.

Alikoka moto wa sauna peke yake. Nilipotaka kubeba maji alisema yanatosha. Moto ulipotulia alinijia sebuleni na taulo moja lililokunjwa, lile la maua, ambalo hukaa juu ya kabati na ambalo nililitumia siku ile niliyofika. Nililipokea, nikasimama mlangoni nikimngoja achukue lake.

"Tangulia," alisema. "Mgeni ndiye huanza."