Kinyozi na Vijiti Viwili

Kinyozi aliingia kwenye mgahawa wa Kijapani mkono wa kulia ukiwa mfukoni, kama mtu aliyeiba kitu. Hakuwa ameiba. Miezi mitano nyuma kiharusi kilimwangusha akiwa kazini, mkasi mkononi, na mteja kanyolewa upande mmoja. Baadaye mguu ulirudi na mdomo ukanyooka, ila mkono uligoma. Na mkono huo ndio uliomlisha yeye na familia yake miaka ishirini na sita.

Aliyemleta ni shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori mwenye tumbo linalofika kabla yake. Alisema anamtoa akabadilishe hewa. Uongo mtupu. Kinyozi mwingine, wa mtaa wa pili, alikuwa anataka kulinunua duka la huyu la kunyolea, lote, kiti na vioo, na alitaka jibu siku hiyohiyo. Mke alishindwa kumwambia mumewe. Akamwita kaka yake jikoni. "Wewe huna haya," alimwambia, "kaseme wewe." Kinyozi alisikia kila neno, maana kuta za nyumba ile ni nyembamba. Akavaa shati safi, wakatoka.

Mgahawa ulikuwa ghorofa ya juu ya jengo la maduka, kati ya duka la viatu na duka la miwani. Ulikuwa na kaunta moja ndefu ya mbao yenye viti virefu, na nyuma yake wapishi wawili walikuwa wakitoa tambi kwenye maji ya moto kwa vichujio, wakizikung'uta kwa kishindo. Mvuke ulijaa hadi kwenye taa.

"Rameni mbili, zile kubwa," shemeji aliagiza, kidole kwenye picha.

Mhudumu, dada mmoja mwenye aproni nyeusi, aliuliza, "Niwaletee na uma?"

"Uma wa nini? Kwani sisi watoto?"

Kinyozi alimkata jicho. Kwa uma angalau angekula kwa mkono wa kushoto. Sasa kiburi cha mtu mwingine kimemfunga.

Mabakuli yakaja, kila moja linatosha kunawia uso: mchuzi mzito, tambi, nyama ya kuku, yai lililokatwa nusu, na kipande cheusi kimesimama pembeni.

"Hii karatasi nayo inaliwa?" shemeji aliuliza.

"Ni mwani, mzee. Unaliwa."

Shemeji alishika vile vijiti viwili vya kulia chakula kama anayeshika usukani, akakohoa. "Shemeji, kuhusu lile duka. Jamaa ni mtu mzuri. Na wewe unajua hali yako. Bora nusu shari kuliko…" Hapo nyama ilimponyoka, ikatua kwenye paja la suruali yake ya siku kuu. Akaifuata kwa vijiti. Ikahamia sakafuni.

Kinyozi akacheka. Alicheka mpaka akashika kaunta. Tangu aanguke hakuwa amecheka hivyo.

"Cheka tu," shemeji alisema. "Jogoo wa shamba nimekuja kuwika mjini."

Kinyozi alipofuta machozi akatazama kaunta nzima. Bwana mmoja mwenye tai alikuwa na tambi juu ya hiyo tai. Mama mmoja alishika kijiti kimoja kila mkono, anachota kama anafuma sweta. Kila mtu kainamia bakuli lake, anahangaika, na hakuna anayemwangalia mwenzake. Hapa kila mkono ulikuwa mgonjwa.

Mhudumu alimwonea shemeji huruma, akachukua vijiti vingine amwonyeshe. "Usivikimbize vyote, mzee. Cha chini kinalala hapa juu ya kidole cha pete, hakiendi popote. Kinachofanya kazi ni cha juu."

Shemeji hakuelewa kitu. Kinyozi ndiye aliyeelewa. Hayo ndiyo maneno aliyomwambia kila aliyemfundisha mkasi: kisu kimoja kinatulia, kimoja kinakata, ukivichezesha vyote viwili utamkata mtu sikio. Na kinachoshikilia kile kilichotulia ni kidole cha pete. Miezi mitano alikuwa anakiamuru kidole hicho kisogee, na hakisogei, akalia kwa hasira chooni. Hapa kinaombwa kutulia tu. Kutulia kilikuwa kinajua.

Akautoa mkono mfukoni. Kwa mkono wa kushoto akalaza kijiti cha chini, kisha akaweka cha juu. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimeanza kuamka mwezi uliopita, lakini hakumwambia mtu, aliogopa kuaibika. Tambi ya kwanza iliteleza. Ya pili ikamrukia shatini. Mara ya nne akanasa tatu kwa pamoja, zikaning'inia zikitetemeka, zikafika mdomoni.

Shemeji aliweka vijiti vyake chini. Macho yalimlowa.

"Pilipili hii," alisema.

"Hujatia pilipili."

"Kula, bwana."

Kinyozi alikula. Katika kila mara tano, tatu zilianguka. Kisha mkono ukachoka, vijiti vikamtoka, akamwita mhudumu alete uma, akaendelea kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliuacha juu ya kaunta, kila mtu auone.

"Mpigie yule jamaa," alisema. "Mwambie duka lina mwenyewe."

"Shemeji, tambi si kichwa cha mtu. Tambi ikianguka inarudi bakulini. Sikio je?"

"Wembe sitaushika kwa sasa. Nitaanza na mkasi, polepole, kichwa kimoja kwa siku. Nikishindwa, nitampigia mimi mwenyewe."

"Na nani atakubali kuwa hicho kichwa kimoja?"

Kinyozi alimtazama juu ya paji la uso, nywele zimesimama kama kichaka kilichotelekezwa.

Shemeji akajishika kichwa. "Usinitazame hivyo. Hizi ni zako. Tangu uanguke sijamwachia mtu mwingine."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ungedhani nakuharakisha."

Akatoa simu, akaongea na yule jamaa maneno machache, la mwisho likiwa samahani. Kisha akampigia dada yake, akageukia pembeni kana kwamba kinyozi hatasikia.

"Dada? Hapana, hauzi. Nimeshamwambia yule, amekubali… Usilie sasa, sikiliza. Anafungua Jumamosi, saa nne. Mteja amepata, ndiyo. Mteja ni mimi. Niombee masikio yangu."