Siku Niliyoiacha Simu Ilie

Kabla ya kustaafu tulifanyiwa semina. Kijana mwenye suti ya kubana alisimama mbele yetu, wazee kumi na wawili tunaonuka grisi, akatuambia uhuru wa kifedha maana yake ni kuamka asubuhi bila kulazimika kwenda kokote. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, mjinga mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshajipanga. Nyumba imekwisha, vyumba vya kupangisha vimejaa, watoto wana kazi zao, na sidaiwi na mtu.

Basi nikaamka bila kulazimika kwenda kokote. Siku ya kwanza, ya pili, mwezi, miezi. Jamani, hakuna aliyetuambia kwamba siku ina saa nyingi hivyo! Mama watoto ameiendesha nyumba miaka thelathini na nne bila mimi, sasa nimekuja kukaa katikati ya sebule kama kabati lisilo na pa kuwekwa. Nikipanga vyombo, anavipanga upya. Nikimuuliza mpangaji kama bomba lake linavuja, anadhani nataka kumfukuza. Siku moja mke wangu akaniambia, "Baba, huna hata rafiki wa kumtembelea?" Rafiki! Rafiki yangu alikuwa pampu.

Nilifanya kazi kituo cha kusukuma maji. Tulikuwa na pampu nne. Tatu zilikuwa mpya, za vioo na vitufe, lakini iliyobaki, Namba Tatu, ilikuwa na umri mkubwa kuliko mwanangu wa kwanza, tena na kiburi chake. Umeme ukikatika na kurudi, huiwashi hivihivi; lazima kwanza uitoe hewa kwa koki ndogo iliyo juu yake. Hilo kila mtu alilijua. Wasilolijua ni kwamba Namba Tatu hutolewa hewa mara mbili. Mara ya kwanza inakudanganya, maji yanatoka safi, unadhani umemaliza. Unafunga, unahesabu mpaka mia, unafungua tena, nayo inatema hewa nyingine. Usipofanya hivyo inanguruma bure, haisukumi hata tone.

Sisi mafundi wa zamani tuna tabia moja, hatumalizi somo. Unamfundisha mtu yote, unabaki na moja, ili kesho akukumbuke. Nilipoandika daftari la makabidhiano, kurasa themanini kwa mkono wangu, hiyo ya mara ya pili sikuiandika. Daftari nikamkabidhi Mpole. Hilo ni jina tulilompa kazini. Alikuwa msaidizi wangu miaka tisa, mtu mzima mwenye mke na watoto, na hakuwahi kunijibu vibaya hata siku niliyomtukana kwa uzembe nilioufanya mwenyewe.

Ikawa umeme ukikatika, simu yangu inalia.

"Shikamoo, mzee. Namba Tatu imegoma."

"Marahaba. Iweke simu kwenye mwili wake niisikie."

Anaiweka. Mimi nimefumba macho nasikiliza, mke wangu amezima redio. "Itoe hewa tena," nasema. Baada ya dakika tano ananipigia, "Imekubali, mzee! Bila wewe tungekwisha." Siku hiyo nakula nikashiba, natania wapangaji, hata usingizi unakuja wenyewe.

Ningeridhika na hayo. Lakini ng'ombe hazeeki maini, nikataka zaidi. Nikamwandikia mkuu wa kituo barua: niruhusu nije siku tatu kwa wiki, mshahara sitaki, pesa ninayo, nipe kiti tu. Jibu likaja kupitia katibu wake. Mzee atulie nyumbani, ale jasho lake. Ale jasho lake! Nikaichana ile karatasi vipande vipande. Nikasema haya, tutaona. Safari ijayo wakinipigia sipokei ng'o. Waje hapa mlangoni na gari la kazi, mkuu mwenyewe akiwa ndani, wanibembeleze.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Umeme haukuwa umekatika, lakini hilo sikulitia akilini. Simu ikalia. Mpole.

"Simu yako hiyo!" mke wangu akaita kutoka jikoni.

"Naisikia."

"Si upokee basi?"

"Iache ilie. Leo watanijua mimi ni nani."

Ililia mara saba. Mimi huyo nimeingia chumbani, navaa suruali ya kazi, nafunga kamba za buti. Nikatoka kukaa barazani kusubiri gari. Mke wangu akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Uzee una vituko," akasema, akarudi kwenye sufuria zake. Kufika saa sita bomba la uani likakohoa, likatema matope kidogo, likakauka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka kwa sauti.

Gari halikuja. Jioni alikuja mlinzi wa kituo, kwa miguu, akasimama mbali kidogo na baraza.

"Mzee, Mpole yuko hospitali. Ni mkono."

Kesho yake nikaenda. Mkewe alinipisha kwenye kiti kando ya kitanda. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na kwa jinsi bandeji ilivyoishia mapema niliona kwamba kiganja hakimo. Salamu zilinishinda. Nikaanza kubwabwaja.

"Kosa ni langu. Hewa ya Namba Tatu hutolewa mara mbili. Sikuiandika kwenye daftari. Nilikuficha kusudi, ili uwe unaniita."

Akatabasamu, midomo imemkauka. "Mzee, hilo nililijua wiki ya pili tu tangu uondoke. Nani atafungua koki, akishindwa, asijaribu tena?"

"Sasa ulikuwa unanipigia ya nini muda wote huo?"

Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dirishani.

"Mama watoto wako alinieleza unashinda na simu mkononi," akasema. "Nikaona kukuuliza hakunipunguzii kitu. Nikishaitoa ile ya kwanza naiacha, nakupigia. Dakika tano si kitu, mzee."

Nilitamani ardhi inimeze. Muda wote nimejiona mimi ndiye nguzo ya kituo, kumbe nabembelezwa kama mtoto anayeota meno. Na mke wangu anajua!

"Na jana?"

"Jana nilikuwa sijui kweli. Ilianza kugonga upande wa mota, mlio ambao sijawahi kuusikia. Mkuu ananiambia kwenye simu ya kituo, usizime, matangi matupu, endelea. Mimi nikasema moyoni, ngoja mzee aisikie. Mzee akisema zima, nazima, wakitaka wanifukuze. Nikapiga, nikapiga. Nikaona labda umelala. Basi nikainama, nikaweka kiganja niusikie ule mtikisiko, kama ulivyokuwa unatufundisha. Kiungio cha mota na pampu kikakatika, kikanichukua mkono."

Mkewe akajifunika uso na kanga.

"Iligonga vipi?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

Akanyanyua mkono wa kushoto, akagonga kwenye chuma cha kitanda. Mbili za haraka, kimya, moja nzito. Mbili za haraka, kimya, moja nzito. Kabla hajarudia mara ya tatu nilikuwa nimeshajua. Boliti zilikuwa zimelegea kwenye kiungio. Niliwahi kuusikia mlio huo mara moja tu, miaka ishirini nyuma, na sikungoja amri ya mtu.

"Zima!" nikasema.

Nililisema kwa nguvu, wodi nzima ikageuka. Mpole akaacha kugonga. Nikalisema tena, na tena, machozi yananitoka. Mkewe akainuka, akanishika bega, akaniambia taratibu kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha.