Kidari cha Kaka Mkubwa

Friji ilipanda Mwika juu ya pikapu, imefungwa kamba kama ng'ombe wa mnadani, na Gladys, wifi yake Aikande, amekaa pembeni ameikumbatia isianguke. Ulikuwa ule mwaka wa mgao wa umeme. Mwenye akili angejiuliza friji hiyo itakula nini. Gladys hakujiuliza. Alikuwa na duka mjini, Pasua, akiuza vitu vya Dubai, na mtu akishauza vitu vya Dubai basi anajua kila kitu.

"Mama, mambo ya kutundika nyama kwenye moshi yaishe," alimwambia mama yake, mkwe wa Aikande. "Mnakula masizi kama wachoma mkaa!"

Jumamosi, mkesha wa Krismasi, mbuzi akachinjwa. Katika nyumba ile kila mtu ana fungu lake, na kidari, nyama ya kifua, ni cha mtoto wa kwanza, Elimringi, hata awe mbali namna gani. Hakiguswi mpaka afike. Mwaka huo alikuwa anatoka Mwanza, na basi lilikuwa limeharibika Singida. Siku zote Aikande ndiye aliyekitunza kidari: anakipaka chumvi, anakitundika juu ya mafiga moshi ukikaushe, au anakichemsha asubuhi na jioni mpaka mwenyewe aje. Safari hii aliponyoosha mkono, Gladys akaupiga kofi mbele za watu.

"Wewe darasa la saba, baki na ndizi zako."

Watu wakacheka. Aikande naye akacheka, maana mtu aliyeolewa hagombani na wifi siku ya mbuzi.

Umeme ulikuja saa mbili usiku ukakatika alfajiri. Mchana kutwa friji kimya. Afadhali basi ingeachwa imefungwa! Kila jirani aliyepita alifunguliwa mlango aone taa isiyowaka. Jumapili baada ya ibada walifunguliwa karibu usharika mzima. Jumatatu Aikande akifagia aliona maji mekundu mepesi yanachuruzika chini ya mlango, na inzi wamejipanga kama wanasubiri huduma. Kufungua, kidari kimewekwa rafu ya juu, kinadondokea kwenye mtindi wa watoto chini. Mtu na duka lake, hajui kwamba nyama mbichi huwekwa chini ya kila kitu!

"Wifi, nyama inavuja."

"Haivuji. Inapumua," Gladys akasema.

Aikande akaumwaga mtindi. Inapumua! Moyoni alisema, mwache. Mwache ampikie kaka yake, ukoo mzima uone mwenye friji alivyo.

Jumanne saa nne Elimringi akafika. Kidari kilitoka na utelezi kama konokono. Gladys akakiosha kwa ndimu, akakiosha kwa siki, halafu akamimina binzari pakiti nzima. Mtu hamwagi binzari kiasi hicho ila ana jambo analificha. Kisha kibao kile kile, kisu kile kile, akakatia kachumbari. Alipofuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, Aikande aligeuza uso asije akaonekana anatabasamu.

Yeye alikuwa na sufuria yake pembeni. Alimpikia mwanawe Goodness, wa miaka mitatu, kiburu cha ndizi na maharage, akakifunika kingali moto. Akamwambia mtoto, "Kula hiki tu." Akachukua mundu akateremka kukata majani ya ng'ombe, asikaribishwe mezani. Huko chini alikuwa akitunga maneno atakayomwambia Gladys jioni. Aliyaonja moja moja, matamu.

Aliporudi alimkuta Goodness mapajani kwa bibi yake, midomo ya njano.

"Kala vizuri mjukuu wangu," bibi akasema. "Nyama ilikuwa ngumu, nikamtafunia mwenyewe."

Jua halijazama, nyumba ikaanza kutapika. Elimringi alikuwa migombani ameshikilia mgomba kwa mikono miwili. Gladys alikuwa chooni, anawafokea waliogonga mlango. Aibu aliyoisubiri Aikande ilikuja yote, imekamilika, naye hakuwa na nafasi ya kuitazama. Goodness alikuwa ametapika mara tano na macho yameingia ndani. Akachukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko cha chumvi. Akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka zahanati, mumewe Filbert akiwa amembeba mtoto.

Muuguzi akauliza, "Hapa nani alijua nyama imeharibika?"

Gladys, aliyeletwa kwa mkokoteni, akatazama sakafu.

"Mimi," Aikande akasema.

"Tangu lini?"

"Jana."

"Ukamwambia nani?"

Aikande akachota kijiko kingine. Goodness alifungua mdomo polepole, na mama mtu akaona aibu kupita Gladys wa mkokotenini.

Mtoto alipona siku ya tatu. Friji siku hizi inatunza vikombe na daftari za nyimbo, na kidari kimerudi juu ya mafiga. Na Aikande akiingia jikoni kwa mtu akasikia nyama inanuka, hata kwa mke wa mchungaji, anasema hapo hapo, mbele za wageni. Wanamwita hana adabu. Anawajibu, "Sina. Imwage."